Chini ya Fundo

Stakabadhi ninayo bado, ndani ya kopo la Kimbo:
mchungwa mmoja wa kubebeshwa, shilingi mia mbili na hamsini,
na sahihi ya Kilonzi wa kitalu cha Barabara ya Jogoo,
aliyeapa kwa kidole kilichoganda utomvu
kwamba mwaka wa tatu nitamenya chungwa
papa hapa Kaloleni, nyuma ya jiko.

Alinionyesha fundo, shubiri moja juu ya udongo.
"Juu ya hapa ni mchungwa. Chini ya hapa usiulize."
Sikuuliza.
Nani huuliza miguu ya bibi harusi?

Niliunywesha maji ya kuoshea mchele.
Mwaka wa pili mifereji ikakauka wiki tisa,
mitungi ikapanga foleni hadi mlangoni kwa Mama Adhola,
na kati ya mti na mtoto mwenye kiu
hapakuwa na shauri la kukata.
Mchungwa ukajikunja majani kama barua mbaya,
ukafa kuanzia kileleni, ukishuka polepole,
ukafika kwenye fundo.
Hapo kifo kikasimama.

Panga lilikuwa mkononi tayari
nilipoona, chini ya fundo, ubavuni,
chipukizi lenye wekundu nchani
na mwiba mmoja, mdogo, wa kujitambulisha.

Mti ulipozaa, ulizaa aibu:
ngozi ya vilima na mabonde, chuchu kitakoni,
nyama haba, mbegu tele,
ukali wa kumwamsha aliyesinzia kanisani.
Watoto wakaliita tunda hilo Ndui.
Mume wangu Otenyo akaonja, akatema, akasema,
"Tumelea mtoto wa mtu."

Lakini sato wa Mama Adhola hakujali sura.
Kikohozi cha mama mkwe hakikujali:
ganda zima, tangawizi, sufuria ifunikwe,
anywe kabla mvuke haujakata tamaa.
Hansaben akaja kutoka Ngara na kikapu chake,
akachagua yale mabaya kuliko yote,
akayapasua mara nne bila kuyatenganisha,
chumvi, manjano, pilipili, siku kumi na moja juani,
akanirudishia chupa ya achari
iliyomaliza ugali wetu kabla ya mboga kuiva.
Makapi nikasugulia masufuria.
Hata wezi wa usiku niliwasamehe;
niliwasikia wakilaani miiba.

Kisha siku moja, langoni, Kilonzi.
Mvi zimemwingia, mimi hanikumbuki.
"Mama, nasikia una ndimu ya mbegu."
Akakaa kwenye kigoda, akakamua,
maji akaniachia beseni zima,
yeye akaokota mbegu tu, akazifikicha kwa jivu,
akazitandaza gazetini, kivulini. "Jua huziua," alisema.
Akawa anaongea na vidole vyake:
zamani, chenza na furungu walikutana mahali,
hawakuomba ruhusa ya mtu, likazaliwa hili.
Mbegu moja hutoa miche miwili, hata mitatu,
na karibu yote hubeba sura ya mama.
Ikinenepa kama penseli, anachana gome,
anapachika jicho la mchungwa wa Makueni,
anafunga utepe wa nailoni, anangoja.
Mchungwa hauna miguu ya kuaminika, alisema.
Miguu ni hii.

Nikawaza bustani za Karen, za Runda,
machungwa mezani kwenye sahani za maua,
na chini ya kila fundo, gizani, Ndui wangu
akinywa udongo kwa niaba ya watu.

Nikaingia ndani, nikatoka na stakabadhi.
Akaisoma mara mbili. Akakuna shingo.
Sikumgombeza. Nilimimina mbegu kwenye kopo la Kimbo,
nikalisawazisha kwa kiganja, nikataja bei:
mia mbili na hamsini.
Alilipa bila kuomba nipunguze hata kumi.

Jioni Otenyo aliziona noti chini ya chumvi,
akauliza hizi ni pesa za nini.
Mahari, nikamwambia.
Yule mtoto wa mtu ameposwa.